Lesoni ya 7: Gharama ya Kumfuata Yesu

SABATO MCHANA

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Marko 1:16–20, Marko 2:13–17, Luka 9:23–26, 57–62, Luka 14:25–33, Kumbukumbu la Torati 25:13–16, Amosi 8:4–6, Luka 19:1–10, Yohana 13:34, 35, Mathayo 28:18–20.

Fungu la Kukariri: Luka 9:23. (Lifungue katika Biblia yako, lisome kwa sauti pamoja na wenzako wa darasa, kisha likariri kabla ya Sabato ijayo.)

Ukisafiri kutoka Mbulu mjini kwenda Haydom kupitia Dongobesh, utaona hapa na pale kando ya njia misingi ya nyumba isiyo na kuta. Mawe yamepangwa vizuri, vyumba vinaonekana, lakini ndani yake yameota majani na mbuzi wanajilisha. Mwenye nyumba alianza mwaka wa mavuno mazuri. Mwaka uliofuata mvua haikutosha, au ada ya shule ikaja, au mgonjwa akapelekwa hospitali, na saruji haikununuliwa tena. Wapita njia hawamjui mwenye msingi huo wala shida zake. Wanachokiona ni kwamba alianza akashindwa kumaliza.

Yesu aliutumia mfano wa namna hiyo hiyo alipozungumza na umati mkubwa uliokuwa ukimfuata. Inashangaza kwamba aliusema wakati ambapo watu walikuwa wengi. Mhubiri mwingine angefurahi na kuwaandikisha wote jioni ile ile. Yeye aligeuka, akawatazama, akawaambia wakae chini wapige hesabu kwanza.

Juma hili tutaipiga hesabu hiyo. Tutauliza: Mwanafunzi wa Kristo ni nani? Anadaiwa nini nyumbani kwake, sokoni, katika ukoo na mbele ya jirani asiye wa imani yake? Na je, mambo haya yanakwendaje pamoja na ukweli kwamba wokovu ni zawadi isiyonunuliwa?

JUMAPILI: KWANZA ALIITWA

Soma Marko 1:16–20 na Marko 2:13–17. Je, watu hawa walikuwa wakifanya nini Yesu alipowaita? Ni sharti gani walilotimiza kabla ya kuitwa?

Simoni na Andrea walikuwa kazini, wakitupa nyavu. Yakobo na Yohana walikuwa wakizitengeneza zao. Lawi alikuwa ameketi forodhani, mahali ambapo Wayahudi wenzake walimwona kuwa msaliti na mwizi. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amejiandaa. Lawi hakuambiwa arekebishe kwanza daftari lake la kodi, ndipo aje. Wito ulimkuta pale pale alipokuwa, na aliposimama ndipo maisha yake yalipoanza kubadilika.

Huu ndio msingi wa lesoni nzima, na tukiukosa tutapotea siku zote zinazofuata. Hatufuati ili tupendwe. Tumependwa, tumeitwa, ndiyo maana tunafuata. Mtume Paulo analiweka jambo hili kwa mpangilio huo huo katika Waefeso 2:8–10: kwanza neema kwa njia ya imani, isiyotokana na matendo, kisha matendo mema ambayo Mungu alikwisha kuyaandaa ili tuenende nayo. Anayeyageuza, akaweka matendo mbele, atajenga dini ya hofu. Anayeyakata matendo kabisa ataishi kama mtu aliyepokea barua ya kuitwa kazini, akaiweka ukutani kwenye fremu, asiende kazini.

Neno letu la Kiswahili linatusaidia hapa. Mwanafunzi ni mwana wa kufunzwa. Katika nchi ya Yesu, mwanafunzi wa rabi hakwenda darasani saa fulani na kurudi kwao. Aliishi na mwalimu wake, akala naye, akatembea naye, akajifunza jinsi anavyojibu maswali na anavyomtendea maskini. Sisi tunaijua elimu ya namna hiyo. Kijana anayetaka kuwa fundi ujenzi hukaa na fundi. Mwaka wa kwanza hubeba maji na kukoroga udongo. Hutazama jinsi kamba inavyovutwa na jiwe linavyogeuzwa kabla ya kuwekwa. Siku moja fundi humwachia pembe ya ukuta, naye hugundua kwamba mikono yake imekwisha kujifunza.

Soma Marko 3:14. Ni mambo gani mawili ambayo Yesu aliwateulia wale kumi na wawili?

Kuwa pamoja naye, na kutumwa. Mpangilio huo una maana. Wengi wetu kanisani tumetumwa sana kuliko tulivyokaa naye. Tuna kamati, makambi, ripoti na ratiba. Lakini saa ya kukaa na Biblia kabla ya kwenda shambani imekuwa fupi, au haipo.

Juma lililopita ulikaa na Yesu kwa muda gani, mbali na saa za ibada kanisani? Ni nini kilichoipunguza saa hiyo?

JUMATATU: NYUMBA NA UKOO

Soma Luka 14:25–33, kisha linganisha na Mathayo 10:37. Mathayo anatusaidiaje kuelewa neno gumu la Luka kuhusu kuwachukia baba, mama, mke na watoto?

Yesu hapingani na amri ya tano. Katika lugha ya Biblia, kumchukia mtu huyu na kumpenda yule mara nyingine ni namna ya kusema kwamba mmoja amewekwa mbele ya mwingine. Mathayo analieleza waziwazi: suala ni kumpenda mzazi au mtoto kuliko tunavyompenda Kristo. Na ili mtu asije akalitumia fungu hili kukwepa wajibu wake, soma Marko 7:9–13. Hapo Yesu anawakemea watu walioficha mali zao kwa kisingizio cha kumtolea Mungu, huku wazazi wao wakikosa msaada. Mwumini anayekataa kumtunza baba yake mzee kwa sababu baba huyo si wa kanisa hambebi Yesu msalaba wake. Anamtwisha baba yake.

Hata hivyo gharama ipo, na katika eneo letu la Mbulu na Hanang mara nyingi hulipwa mbele ya ukoo. Wazee wa Kiiraqw wanayo slufay, maneno marefu ya baraka ambayo mzee huyanena na waliohudhuria wakamwitikia kwa pamoja. Ni sanaa ya lugha, na ndani yake mna kuitakia nchi amani, mvua na uzao. Lakini katika mikutano mingi ya namna hiyo kumekuwa na pombe, na mahali pengine mambo ya matambiko. Kijana aliyebatizwa juzi anaitwa nyumbani: mkutano wa ukoo ni Jumapili, wewe ndiye mtoto mkubwa, pombe imekwisha kupikwa. Afanye nini?

Wako waliokataa kwa maneno makali na kubaki kanisani, na ukoo ukajifunza kwamba Yesu anawafundisha vijana dharau. Wako waliokwenda, wakanywa kidogo ili wasiwaudhi wazee, na kidogo kikaongezeka. Iko njia ya tatu, nayo ni ngumu kuliko zote mbili: kwenda mapema, kupasua kuni, kuchota maji, kuwasalimia wazee kwa heshima yao yote, kuketi na kusikiliza, na kikombe kinapofika kukipitisha kwa mkono wa adabu na kusema kwa upole, “Baba, nisamehe, hiki sitaweza, lakini kazi yoyote ya nyumba hii mnipe mimi.” Siku hiyo anaweza kutukanwa. Anaweza pia kuambiwa kwamba asitegemee kitu katika mgawanyo wa ng’ombe. Ndiyo maana Yesu alisema tuhesabu kwanza.

Danieli na wenzake walifanya vivyo hivyo. Soma Danieli 1:8–14 uone kwamba msimamo wao ulikuwa wa chuma lakini maneno yao yalikuwa ya ombi, na kwamba walijali usalama wa yule aliyewasimamia.

Soma Luka 9:57–62. Kila mmoja wa watu watatu hawa alizuiwa na nini?

Mfano wa mwisho katika mafungu haya hauhitaji mfafanuzi kwa mkulima wa Dongobesh. Anayeshika plau nyuma ya maksai na kugeuza shingo kutazama nyuma, mstari wake utapinda, na mistari yote itakayofuata itapinda pamoja nao. Yesu hamlaumu mtu kwa kuwa na nyumba aliyoiacha. Anasema kwamba huwezi kulima vizuri huku macho yako yako kwingine.

JUMANNE: MSALABA WA KILA SIKU

Soma Luka 9:23–26. Linganisha na Mathayo 16:24 na Marko 8:34. Luka anaongeza neno gani ambalo wengine hawana?

Luka ndiye anayeandika kwamba msalaba hubebwa kila siku. Wasikilizaji wa kwanza walijua msalaba ni nini. Warumi waliwatundika watu kando ya barabara ili wapitao waone. Mtu aliyebeba mti huo alikuwa hana tena mipango yake mwenyewe ya kesho. Kujikana, basi, si kuacha sukari kwenye chai kwa siku kadhaa. Ni kukubali kwamba neno la mwisho katika maisha yangu si langu.

Lakini tunapaswa kuwa waangalifu, kwa sababu neno “msalaba” limetumiwa vibaya katikati yetu. Maradhi ni huzuni, ukame ni maafa, na Mungu hutushika mkono ndani yake. Lakini havikuchaguliwa kwa ajili ya Kristo, na hata asiyeamini huvipata. Msalaba ni ile gharama inayonijia kwa sababu nimemfuata Yesu, ambayo ningeikwepa kama ningeamua kumwacha. Kwa sababu hiyo mwanamke anayepigwa na mumewe asiambiwe na mzee wa kanisa kwamba huo ndio msalaba wake, arudi akavumilie. Kipigo ni dhambi ya anayepiga. Yesu hakuwaambia wenye nguvu wawatwishe wengine msalaba. Alimwambia kila mmoja abebe wa kwake. Katika nyumba hiyo anayepaswa kujikana ni mume, kama Waefeso 5:25–29 inavyomwagiza. Nasi viongozi tunapaswa kumkinga mama na watoto kwanza, na kumsaidia afike kwenye vyombo vinavyohusika ikibidi, hata kama mume huyo ni mtoaji mzuri wa zaka.

Msalaba halisi unaonekanaje? Kanisa letu nchini Tanzania lilianza mwaka 1903, wamisionari kutoka Ujerumani, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walipofungua kituo katika milima ya Upare, mahali pa Giti, wakakiita Friedensthal, yaani Bonde la Amani. Miaka kumi na mmoja tu baadaye Vita ya Kwanza ya Dunia ikaanza, na mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yakaiteka sehemu hiyo ya nchi. Wamisionari Wajerumani waliondolewa. Fikiria hali ya waumini Wapare wa wakati ule: walimu wao wamechukuliwa, shule hazina msimamizi, hakuna mshahara, na wazee wa vijiji wanauliza, “Je, yule Mungu wa Wajerumani naye ameondoka?” Hakuna ambaye angewalaumu kama wangerudi walikotoka. Lakini walimu Waafrika waliendelea kuwakusanya watu, kusoma na kuomba, na kazi haikufa. Sisi tunaosoma lesoni hii leo tumerithi uaminifu wao. Wakati ule hawakujua kama kuna mtu angewaona.

Kwetu leo msalaba huja bila vita. Huja kama ratiba ya mtihani wa chuo iliyopangwa siku ya Sabato. Huja kama mnada unaoangukia Sabato, wakati mahindi yako yako ghalani na ada inadaiwa Jumatatu. Huja kama neno la msamaha ambalo hutaki kulisema kwa ndugu aliyesogeza mpaka wa shamba. Kesho utakuja tena, kwa sura nyingine.

Ni jambo gani katika maisha yako unaloliita msalaba, lakini kwa kweli ni matokeo ya uamuzi wako mbaya, au ni dhuluma inayopaswa kukomeshwa?

JUMATANO: MADEBE MAWILI

Soma Kumbukumbu la Torati 25:13–16, Mithali 11:1 na Amosi 8:4–6. Kwa nini Mungu anajishughulisha na mizani ya sokoni?

Fungu la Amosi linapaswa kumtisha kila mshika Sabato. Wafanyabiashara wale waliifunga mizigo yao siku ya Sabato. Hawakuuza. Kwa nje walikuwa watiifu. Lakini mioyoni waliuliza itaisha saa ngapi, ili warudi kupunguza kipimo, kuongeza bei na kupotosha mizani dhidi ya maskini. Walikuwa na siku sahihi na mizani ya uongo, na Mungu hakuikubali siku hiyo.

Katika bonde letu tunalima vitunguu, vitunguu saumu, mahindi na maharage. Kila mkulima anaijua lumbesa: gunia linajazwa, kisha linashonewa kilemba juu, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sheria ya Vipimo inakataza. Hata hivyo mnunuzi huja na lori lake, na asiyetaka kufunga lumbesa huachiwa mazao yaoze. Katika mlolongo huo wote, kuanzia dalali, mpakiaji na dereva hadi mnunuzi, wamo waumini. Wako pia wenzetu wanaoweka vitunguu vibovu katikati ya gunia na vizuri juu.

Nina sababu ya kuliandika jambo hili bila kumnyooshea mtu kidole. Katika miaka ya tisini, kabla sijaenda chuo cha theolojia, nilikuwa mnunuzi mdogo wa maharage. Nilikuwa na madebe mawili. La kuuzia lilikuwa la kawaida. La kununulia lilikuwa limegongwa kitako kwa ndani likatokeza nje, na nililijaza mpaka kilele. Nilibatizwa baada ya mkutano wa injili, nikaacha pombe, nikaanza kutoa zaka, nikapewa darasa la Shule ya Sabato. Madebe yalibaki yale yale. Sikuona kwamba yalihusika na ubatizo wangu.

Sabato moja mama mmoja mjane alikuja kanisani kwa mara ya kwanza, ameletwa na mke wa mwanawe. Nilikuwa mbele nikifundisha. Somo halijafika nusu, akasimama akatoka. Baadaye niliambiwa alichosema nje: “Yule kijana wa debe kubwa ndiye anayewafundisha?”

Nilijua ni nani, na nilijua ni misimu mingapi. Ilinichukua karibu miezi miwili kwenda kwake.

Soma Luka 19:1–10. Yesu alimdai Zakayo nini kabla ya kuingia nyumbani kwake? Zakayo alifanya nini baada ya hapo?

Yesu hakudai kitu. Alijialika tu, naye Zakayo akampokea kwa furaha. Ndipo mtu huyo akasimama mwenyewe na kutaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Torati, katika Hesabu 5:7, ilimtaka mkosaji anayeungama arudishe kitu kizima na kuongeza sehemu ya tano. Mara nne ilikuwa adhabu ya mwizi wa kondoo aliyemchinja au kumwuza, kama Kutoka 22:1 inavyosema. Zakayo alichagua hesabu nzito. Hakujipunguzia. Neema ilipoingia ndani ya nyumba ilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye sanduku la fedha.

Nilipofika kwa yule mama nilibeba fedha, na lile debe. Nilimwambia nilichofanya. Alizihesabu fedha taratibu, akazifunga kwenye kanga, akasema, “Nimepokea, mwanangu. Lakini kanisani kwenu siji. Kwanza nitawaangalia.” Tulisalimiana vizuri tangu siku ile kila tulipokutana. Hadi anafariki hakuingia tena kanisani mwetu. Deni la maharage nililipa. Lile jingine sikupata namna ya kulilipa.

Naamini nimesamehewa. Lakini nimejifunza kwamba msamaha wa Mungu haufuti kila mara alama tuliyoiacha kwa mtu mwingine, na kwamba kila siku tunayochelewa kutii kuna mtu mahali fulani anayetoka nje ya kanisa.

Je, kuna mtu ambaye unapaswa kumwendea? Ni nini kinachokuchelewesha: aibu, au fedha?

ALHAMISI: KUPENDANA NA KUTUMWA

Soma Yohana 13:34, 35. Kwa alama gani watu wote watawatambua wanafunzi wa Yesu?

Yesu angeweza kutaja alama nyingi, naye alitaja upendo wa wanafunzi wao kwa wao. Alisema hayo usiku ule ule alipokuwa amewaosha miguu, akiwemo yule ambaye angemsaliti. Na katika Luka 10:25–37 aliupanua upendo huo ukavuka mpaka wa kabila na dini.

Mkoa wetu wa Manyara una makabila yenye historia ndefu ya kuishi pamoja na pia kugombana: Wairaqw, Wadatoga, Wahadzabe, Wanyaturu na wengine waliohamia. Mkulima na mfugaji hugombania maji na njia ya ng’ombe. Ng’ombe wakiingia shambani usiku, asubuhi kabila zima hutukanwa. Mwanafunzi wa Kristo anadaiwa hapa jambo dogo lenye uzito: kukataa kulisema kabila. Amseme mtu aliyekosa, apeleke madai yake kwa uongozi wa kijiji, lakini asilibebeshe kosa hilo jina la watu wote. Chuki nyingi kubwa zilianza kwa mizaha iliyochekewa kanisani.

Desemba 3, 2023, siku ya Jumapili, baada ya mvua kubwa, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikafunika sehemu za mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walifariki, na wengi walipoteza nyumba na kila kitu. Katika tope lile hakuna aliyeuliza aliyezikwa ni wa dhehebu gani. Walutheri, Wakatoliki, Waislamu, Wapentekoste, Waadventista na watu wasio na dini walichimba pamoja. Ilikuwa siku moja baada ya Sabato. Wale waliokuwa wameimba na kusali jana yake walipata nafasi ya kuonyesha kile walichojifunza. Lakini maafa ya namna hiyo huja mara chache, na jirani mwenye njaa yupo kila juma.

Soma Mathayo 28:18–20. Ni amri gani kuu katika agizo hili?

Katika Kiyunani cha fungu hili, agizo kuu ni kuwafanya watu wa mataifa yote kuwa wanafunzi. Kwenda, kubatiza na kufundisha vinalizunguka agizo hilo na kueleza linavyofanyika. Tujipime kwa uaminifu. Mara ngapi tumefanya mkutano wa injili wa majuma matatu, tukabatiza wengi mtoni au bwawani, tukatuma ripoti, kisha baada ya mwaka tukiwatafuta hatuwaoni? Tulibatiza, je, tulifanya wanafunzi? Mtoto akizaliwa hatumwachi zahanati tukarudi nyumbani na cheti. Mwumini mpya anahitaji mtu wa kumtembelea Jumatano, wa kumfundisha kuomba, wa kuwa karibu naye siku ukoo unapomwita, wa kumsaidia auze mahindi yake kabla ya Sabato. Kazi hii haina jukwaa wala kipaza sauti, na ndiyo aliyoifanya Yesu kwa watu kumi na wawili kwa zaidi ya miaka mitatu.

IJUMAA: KWA KUJIFUNZA ZAIDI

Soma Yohana 15:1–8 na Ufunuo 14:1–12. Soma pia maelezo ya Ellen G. White kuhusu wito wa wavuvi kando ya bahari katika Tumaini la Vizazi Vyote.

Tuliozoea kuhubiri ujumbe wa malaika watatu tusiruke fungu la nne la sura hiyo. Kabla ya kutaja ujumbe, Yohana anawataja watu, na anawaeleza kuwa ni wale wanaomfuata Mwana-Kondoo kila aendako. Hawachagui sehemu za njia. Na fungu la 5 linaongeza kwamba vinywani mwao hakuna uongo. Ukisoma ukiwa unakumbuka yale madebe mawili, utaona kwamba Sabato, mizani na ulimi havitenganishwi katika watu wa Mungu wa siku za mwisho.

Huenda baada ya kupiga hesabu juma hili umegundua kwamba huna cha kumalizia mnara. Hilo ni jibu sahihi. Petro alipiga hesabu yake usiku ule akaona anatosha, na kabla jogoo hajawika alikuwa amekana mara tatu. Katika Yohana 21:15–19 Bwana aliyefufuka hakumdai tena hesabu ya nguvu zake. Alimwuliza kuhusu upendo, akamkabidhi kondoo, kisha akamwita tena kwa wito ule ule wa kwanza: kumfuata. Msingi wa nyumba yako unaweza kuwa umeota majani. Mwenye kukuita bado anajua ulipo, na yuko tayari kujenga pamoja nawe jiwe moja leo.

Maswali ya Kujadili:

1. Kijana wa darasa lenu ameitwa kwenye mkutano wa ukoo wenye pombe na matambiko. Darasa zima lingeweza kumsaidiaje kabla ya siku hiyo, siku yenyewe, na baada yake?

2. Mkulima mwumini akikataa lumbesa peke yake, anaweza kupoteza msimu mzima. Je, kanisa au kikundi cha wakulima kinaweza kufanya nini ili gharama hiyo isibebwe na mtu mmoja? Taja hatua moja mnayoweza kuianza mwezi huu.

3. Ni tofauti gani iliyopo kati ya kubeba msalaba na kuvumilia dhuluma? Jadilini kwa uangalifu, mkiwapa akina mama nafasi ya kuzungumza kwanza.

4. Orodhesheni majina ya waliobatizwa katika kanisa lenu mwaka uliopita. Wangapi wapo leo? Nani atamtembelea nani kabla ya Sabato ijayo?

5. Mtu anasema, “Wokovu ni bure, kwa hiyo tusizungumzie gharama.” Mwingine anasema, “Usipolipa gharama hutaokolewa.” Mkitumia habari za Lawi na Zakayo, mtawajibuje wote wawili?